Kwa Mliouliza kwa Nini Tumehamia Nyumba za Wazee



Ndugu wasomaji, tangu mimi na mke wangu tulipotoka katika nyumba yetu ya Brooklyn Park mwezi wa Oktoba 2024, hapana wiki iliyopita bila ya mtu kutuuliza, ama usoni petu ama kwa kupitia kwa wengine, kumetokea nini. Wako waliosema kwamba binti yetu ametuchoka. Wako waliosema kwamba mkwe wetu ndiye aliyetaka nafasi. Mzee mmoja, ninayemstahi kwa umri wake na elimu yake, alinishika mkono baada ya sala ya Ijumaa akaninong'oneza kwamba lau ningalikuwa na dhiki ya fedha ningalisema tu, jamaa wangalichanga. Namshukuru kwa nia yake njema. Lakini mhariri ameniomba niyaandike yote mahali pamoja, nami nimeona ni kheri kufanya hivyo kuliko kujibu maswali mmoja mmoja kwenye uwanja wa magari, baridi ikitupiga.

Naanza na nyumba yenyewe, kwani bila ya kuijua nyumba hamtaielewa khabari. Brooklyn Park ilikuwa mashamba, na viazi ndivyo vilivyoipatia sifa, kabla ya kujaa nyumba na kuwa mji wa watu zaidi ya 86,000, kama walivyohesabiwa mwaka 2020. Nyumba nyingi za mtaa wetu ni za mtindo mmoja. Ukifungua mlango wa mbele husimami ukumbini wala sebuleni. Wasimama juu ya kipande kidogo cha sakafu baina ya ngazi mbili, moja yapanda na moja yashuka. Jiko liko juu, vyumba viko juu, mashine ya kufulia iko chini. Tulipoihamia mwaka 2001 tulizipanda ngazi hizo pasina kuzihesabu. Siku hizi nazijua: saba juu, saba chini.

Binti yetu, mumewe na watoto wao watatu walikaa nasi humo humo. Kwa hiyo anayesema kwamba tulikuwa wazee wapweke amekosea, na anayesema kwamba tulikuwa wazee wenye watu naye amekosea. Usiku nyumba ilikuwa imejaa. Mchana, kuanzia saa moja ya asubuhi hadi karibu na Magharibi, tulibaki wawili. Mkwe wangu yu dereva. Binti yangu ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wagonjwa wazee, na mara nyingi hushika zamu mbili kwa mpigo, kwa kuwa mahali pale hapatoshi watu. Wengi wenu mnaifanya kazi hiyo hiyo, tena mnaifanya vyema. Ukiingia katika nyumba hizo popote katika miji hii utawakuta Wakenya, Waliberia, Wasomali na watu wa kwetu wakiwaogesha, wakiwalisha na kuwageuza kitandani wazee wa Kimarekani.

Ama siku iliyotuhamisha ni siku moja ya Februari 2023. Msimu ule umehesabiwa miongoni mwa misimu ya theluji nyingi kabisa katika kumbukumbu za miji hii. Theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo mchana wa jana yake, usiku ikaganda, na njia ya gari mbele ya nyumba ikawa kama kioo. Yapata saa nne ya asubuhi mke wangu alitoka kwenda kutazama sanduku la barua. Hakufika. Aliteleza, akaanguka kwa ubavu, asiweze kuinuka.

Mimi nilikuwa chini ya nyumba, nimekaa na gazeti, na vifaa vyangu vya kusikilizia nimevivua na kuviweka mezani kwa sababu vinaniwasha masikio. Aliniita. Ameniambia baadaye kwamba aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane, kisha akaita jina la jirani wa upande wa pili, kisha akanyamaza ili asipoteze nguvu. Mtaa mzima ulikuwa kazini. Aliyemwona ni mleta barua, na hapo nusu saa ilikwisha kupita. Naandika haya kwa taabu, lakini nayaandika, kwa sababu watu wamemlaumu binti yangu kwa jambo ambalo, kama lina wa kulaumiwa, ni mimi. Saa ile binti yangu alikuwa anamfunga vifungo vya nguo mama wa mtu mwingine, maili kumi na mbili kutoka kwetu.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umepata ufa. Baada ya hospitali alipelekwa katika nyumba ya mazoezi ya viungo, akakaa siku kumi na tisa. Huko ndiko alikofikiri. Mimi nilikwenda kila siku na thermosi ya chai, nikidhani kwamba anasubiri kurudi nyumbani, kumbe mwenzangu ana hesabu zake. Siku ya kumi na tano akaniambia: "Sitaki nianguke mara ya pili, ndipo watoto wanichagulie pa kwenda hali nimelala. Nataka nende kwa miguu yangu, mahali nilipopachagua mwenyewe."

Nilikataa. Nilikataa kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, na lazima niseme kwa nini, maana najua ndiyo sababu iliyo katika vifua vyenu. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Kwetu nyumba ya wazee ina jina na jina lake ni Welezo, pale palipoanzia zama za ukoloni mikononi mwa masista wa Kikatoliki, kuwapokea maskini na wasiojiweza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikajenga na nyumba za Sebleni, nyumba nzuri kwa wakati wake, tena mjini penyewe, na Mzee Karume akajisifu kwazo, na haki yake. Lakini tulivyokuwa tukielewa sisi watoto, aliyekwenda huko ni yule asiye na wake: mtu aliyekuja kutoka bara kulima karafuu na kuchukua mizigo bandarini, akazeeka pasina mtoto wala ndugu. Kumwambia mwenzio kwamba atamalizikia Welezo lilikuwa ni tusi. Na mimi, mwenye watoto wanne na wajukuu tisa, nende nikaandikishe jina langu mwenyewe?

Wala sikuwa peke yangu. Binti yetu alipoambiwa alilia. "Baba, watu watasema nimekutupeni," alisema. "Nawaogesha wazee wa watu, wangu nimewatoa nje." Akaitaja ile aya ya 23 ya Suratul Israa, inayowataja wazazi wawili, au mmoja wao, waliofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na inayokataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoka. Mimi si mwanachuoni na sitafsiri. Nilimwambia tu binti yangu kwamba neno hilo dogo hatujalisikia kutoka kinywani mwake hata siku moja, na kwamba anayehama ni mama yake kwa ridhaa yake. Waliobaki waulize wajuzi.

Basi tukaanza kutafuta, na nikajifunza mambo ambayo nadhani wengine watanufaika nayo.

Jambo la kwanza ni kwamba tunazichanganya nyumba tatu zisizofanana. Iko ile ya uuguzi, anakofanya kazi binti yangu, ya mtu asiyejiweza. Iko ya kati, ambayo mkaazi ana chumba chake na husaidiwa kuoga, kunywa dawa na kula. Hizi, tangu tarehe 1 Agosti 2021, sheria ya Minnesota inazitaka ziwe na leseni maalumu, na mkaazi anayetakiwa aondoke ana haki ya kukata rufaa. Na iko ya tatu, kijiji cha wastaafu, ambacho hakina muuguzi wala mpishi: ni nyumba za kawaida kwa watu wenye umri, kila mmoja na ufunguo wake na jiko lake, bila ya ngazi, na theluji wanaizoa wengine. Sisi tumehamia ya tatu. Waliosikia "nyumba ya wazee" wakadhani tumelazwa, na wasome tena sentensi hii.

Mtindo huu wa tatu ni wa Kimarekani hasa. Mji uliousambazia jina ni Sun City, katika jangwa la Arizona, uliofunguliwa na mkandarasi Del Webb tarehe 1 Januari 1960. Siku tatu za mwanzo walifika watu wapatao laki moja kuutazama. Wazo lake lilikuwa jua, mchezo wa gofu, na watoto wasiwepo. Hilo la watoto kutokuwepo lilinichoma nilipolisoma na bado linanichoma. Sheria ya nchi inakataza kumbagua mpangaji kwa sababu ana watoto, tangu marekebisho ya 1988, lakini imeviacha nje vijiji vya wazee. Na kwa sheria ya 1995, kijiji cha waliofika miaka 55 ni lazima angalau asilimia 80 ya nyumba zake zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa umri huo. Mahali panapoandikwa 62, kila mkaazi awe amefika 62. (Wenye wake vijana wasome mkataba kabla ya kutia saini.)

Hapa Minnesota wameufanya mtindo wao wenyewe, na nausifu. Mwaka 1978 ilifunguliwa katika mji wa Edina nyumba ya ushirika wa wazee iitwayo 7500 York, na kutoka hapo jimbo hili likawa ndio chimbuko la ushirika wa namna hiyo. Mkaazi hapangi wala hanunui nyumba; ananunua hisa katika ushirika, anapata haki ya kukaa, na wakaazi wenyewe huchagua kamati inayoendesha mambo. Mke wangu aliupenda sana mpango huu. Tulikaa na karatasi zake usiku mwingi. Kilichoturudisha nyuma ni kwamba jengo lenyewe aghalabu limejengwa kwa mkopo mmoja mkubwa wa miaka mingi, na malipo ya kila mwezi ya mkaazi yana sehemu ndani yake ya kulipa mkopo huo pamoja na riba yake. Wako watakaosema kwamba mkopo ni wa ushirika na si wa mtu. Sisi nafsi zetu hazikutulia, tukaamua kupanga. Nasema tulilolifanya, si kwamba ndilo la kila mtu.

Ama fedha, nitapita haraka, maana kila mtu ana hali yake. Wengi wetu tunadhani kwamba Medikea italipa gharama za uzee wote. La hasha. Inalipa nyumba ya mazoezi baada ya kulazwa hospitali, tena si zaidi ya siku 100, na ni 20 za mwanzo tu zisizo na mchango wako. Kuogeshwa na kulishwa kwa miaka, hailipi. Hayo, kwa mwenye kipato kidogo, hulipwa na msaada wa matibabu wa jimbo, na upo mpango wake wa wazee wa miaka 65 na zaidi unaolipia huduma ukiwa nje ya nyumba ya uuguzi, ingawa kodi ya chumba haumo. Wanaowaleta wazazi kutoka nyumbani wakumbuke kwamba mzazi asiyefanya kazi hapa huhitaji kuwa na kadi ya ukaazi na kukaa miaka mitano mfululizo kabla ya kuweza hata kuinunua Medikea. Na jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeliona likiwaumiza watu: msiharakishe kuwaandikia watoto nyumba zenu. Anapoomba msaada wa kulipiwa uuguzi, mtu hutazamwa miezi 60 nyuma, na alichokitoa bure kinaweza kumzuilia msaada. Nyumba yetu bado ni jina letu, binti na mumewe wanaikaa na kuilipia kodi ya ardhi, na tumemwona mwanasheria.

Sasa mnataka kujua tunavyoishi.

Tuko ghorofa ya pili, lifti ipo, na kutoka kwa binti yetu ni dakika tisa kwa gari. Hilo la dakika tisa lilikuwa sharti langu mimi. Choo kina vyuma vya kujishikia ukutani, na sasa mke wangu anatia udhu na kuosha miguu bila ya mimi kusimama mlangoni kwa hofu. Niliomba ruhusa ya kufunga mpira wa maji kando ya choo. Msimamizi aliuliza ni wa nini, nikamweleza kwa adabu, akasema ni wazo zuri, na nasikia sasa wako wengine wawili waliouomba. Ijumaa ya kwanza mke wangu alifukiza udi kama ada yake. King'ora cha moshi kikalia jengo zima, wazee themanini wakateremka na magongo yao katika baridi, na sisi tukajulikana siku hiyo hiyo. Siku hizi anafukiza kwenye roshani.

Majirani wengi ni watu wa asili ya Kinorwei na Kiswidi, watoto wa wakulima, watu wa maneno machache. Bibi mmoja wa mlango wa pili alituletea mkate wa viazi uitwao lefse. Ukiutazama ni chapati. Ukiutia mdomoni ni chapati iliyosahau chumvi. Tulimuuliza kwanza mafuta yake, akasema ni siagi. Mke wangu akamrudishia sahani na chapati zetu, kwani sahani hairudi tupu, na sahani hiyo haijatulia tangu siku hiyo.

Lakini sitaki mdhani kwamba nauza nyumba. Kuna tulichokipoteza, na mimi nimekipoteza zaidi ya mwenzangu. Mjukuu wetu mdogo alikuwa na ada ya kuja kulala baina yetu baada ya Alfajiri. Mkataba unaruhusu mgeni kulala siku chache tu kwa mwezi, na hata bila ya mkataba, mtoto ana shule. Alfajiri naamka, nasali, nageuka, hapana mtu wa kunipiga teke. Ramadhani ya kwanza, Machi 2025, tulifuturu siku nyingi wawili tu, tende na uji, redio ikizungumza. Nilitamani kelele. Usiku wa tarawehe sikuweza kuendesha gari, macho yangu hayaziwezi taa za barabara kuu, nikawa nategemea vijana watatu wanaopokezana kunichukua. Kiangazi, Magharibi inapoingia saa tatu za usiku na Isha karibu na saa tano, siwaombi, nasali nyumbani. Mimi nimezaliwa ambapo msikiti ulikuwa hatua arobaini kutoka barazani kwetu, na baraza ndilo ninalolikosa. Ukumbi wa chini una viti vizuri sana na hapana anayekaa baada ya saa mbili.

Mke wangu haoni hivyo. Yeye anasema mchana wa leo, akiwa na majirani wanaobisha hodi na kamba ya kuvuta ukutani akianguka, ni bora kuliko mchana wa zamani aliousubiri uishe. Katika hili hatujaafikiana na pengine hatutaafikiana. Kitu kimoja nakikubali: tangu tuhame, binti yetu akija anakuja kukaa. Zamani akirudi kazini alianza kupika, kufua, kuuliza dawa, na kwetu sisi wazazi wake alibakisha zamu ya tatu. Sasa anaingia, anavua viatu, anajinyoosha kwenye kochi la mama yake, na aghalabu analala hapo hapo saa nzima huku watoto wakimaliza biskuti za jirani.

La mwisho ni karatasi. Mkihamia mahali pa namna hii, au hata msipohama, andikeni maagizo yenu ya matibabu. Sheria ya Minnesota inakubali yakisainiwa mbele ya mthibitishaji au mashahidi wawili, na humo mnaweza kumtaja atakayewasemea mkipoteza fahamu na kueleza mnavyotaka kuzikwa. Katika jengo kama hili mtu akifariki usiku, anayeitwa kwanza ni msimamizi, naye hajui khabari za kuosha, kukafini wala kuharakisha maziko, na anaweza kuita gari la maiti la kwanza analolijua. Sisi tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji, ina majina na nambari za simu za watu wanne wa msikiti, na nakala iko ofisini. Msimamizi aliisoma mara mbili akauliza anaweza kutoa nakala awaonyeshe wakaazi wengine.

Mwenye kutaka kutuzuru na atuzuru. Jumapili baada ya Alasiri tunakuwapo daima, chai ipo, na kitu cha kutafuna hakikosekani. Magari ya wageni yanawekwa upande wa mashariki. Pale mlangoni bonyezeni kengele mara mbili, tena kwa nguvu, maana mara moja siisikii.